Mama Mkubwa Vikopo, Aliyepima Kemikali Zinapokutana Mwilini

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mkemia aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua moyo. Wenzake wa maabara walimwita Daktari. Watoto wa mdogo wake walimwita Mama Mkubwa Vikopo.

"Alikuwa anaomba mkojo kama wengine wanavyoomba chumvi," anasema mmoja wao, huku akicheka na kufuta machozi.

Kazi yake ilikuwa kupima kemikali zinazotuingia kutoka kwenye sabuni, losheni, manukato na dawa za nywele. Na hakuishia kupima moja moja. Alizipima zikiwa pamoja. Narudia, wasikilizaji wapendwa: zikiwa pamoja. Maana nani kati yetu hujipaka kitu kimoja tu?

Mdogo wake ni msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, dirisha limezibwa na kabati la vipodozi. Wasaidizi wake wakaanza kukohoa na kuumwa kichwa. Kila chupa mle ndani ilikuwa imeidhinishwa. Mkemia akawavalisha vikuku vya mpira vinavyonasa kemikali, kisha akatoa vikopo vyake. Majibu yalipotoka, kila kemikali peke yake ilikuwa chini ya kiwango cha hatari. Zilipojumlishwa zile zenye madhara yanayofanana, zikakivuka.

Habari zikavuja. Wateja wakakimbia.

"Nilimwambia, dada, umenimaliza," anakumbuka msusi. "Akanijibu, nuna, mdogo wangu, lakini nuna ukiwa unapumua."

Miezi ikapita bila salamu. Kisha asubuhi moja msusi akasikia nyundo. Dada yake kaja na fundi.

"Hakusema pole. Aliuliza tu, hili kabati tuliweke wapi?"

Dirisha likafunguliwa. Dawa mbili kali zikaondolewa. Akapima tena, jumla ikashuka, na kikohozi kikaanza kupungua. Lakini wateja walikuwa bado wanaogopa. Basi mkemia wetu, aliyekuwa akinyoa nywele zake tangu ujana, akazifuga. Zilipotosha kusukwa, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, mtaa mzima umwone. Jirani akaingia. Mwingine akafuata.

Wakaguzi wanaoidhinisha vipodozi alibishana nao mpaka mwisho. Wapo waliokubali kupima michanganyiko. Wapo ambao hadi leo hawajakubali.

Mume wake aliniambia, "Alikuwa hataki manukato ndani ya nyumba. Juzi nilijipulizia sebuleni makusudi, nikasubiri anifukuze nje. Kimya."

Shemeji yetu, pole sana. Msusi wetu, poleni wewe na wanao. Mmempoteza mtu aliyewapenda kwa kuwasumbua.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi mkiwa mbele ya kioo, kabla ya kujipaka kitu cha nne, jiulizeni vile vitatu vya kwanza vinafanya nini huko ndani. Yeye angewauliza. Halafu angewaomba kikopo.