Kiganja cha Mwoka Mikate

Mshonaji alikuwa amefumba macho ndani ya basi, ila masikio aliyaacha wazi. Umbea wa bure nani auache? Kiti cha mbele yake, mwoka mikate mwenye unga shatini alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi naye.

"Mbwa wangu kawa mvivu, dada yangu. Nikitoka kazini namtembeza, lakini tukifika barabarani anarukaruka kama anacheza muziki, kisha ananigomea."

"Unamtoa saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Makubwa! Na jua lote hili? Lami inamuunguza huyo. Mtoe jioni, kaka."

"Sikurupuki, mama. Kwanza naweka kiganja chini, nakiacha mpaka niridhike. Nikiona pako poa, ndiyo tunatoka."

Mshonaji akafumbua jicho moja. Kiganja chenyewe kilikuwa kimeinuliwa kumwonyesha mama: kigumu kama soli, makovu tupu.

"Trei za moto unazitoa kwa kitu gani tanurini?" mama akauliza.

"Kwa kitambaa. Kikikosekana, mkono mtupu. Nimeshazoea."

"Na mbwa naye kazoea?"

"Mbwa ana nyayo, dada! Mimi nina ngozi tu."

Basi likasimama. Mwoka mikate akashuka, akainama, akabandika kiganja kwenye lami. "Poa kabisa!" akampigia mama kelele dirishani, akaenda zake akipiga mluzi, kumfungua mbwa.

Mshonaji, ambaye naye alishukia kituo hicho, akainama kugusa. Aliuvuta mkono upesi, vidole vikaishia mdomoni.