Mwenye Benchi Asimame

Benchi lenyewe ni la mbao ngumu, linatosha watu wanne wanaopendana au watatu walionuniana, na limekaa pale kwenye kona, mbele ya duka la vioo, mwaka wa kumi na moja sasa. Muda wote huo limegombewa kuliko urithi. Fundi Randa, seremala, husema ni lake kwa sababu alilichonga kwa mikono yake. Shangazi, muuza kahawa, husema ni lake kwa sababu ndiye anayelifuta kila asubuhi. Simu, anayetengeneza simu kwenye kimeza cha jirani, husema ni lake kwa sababu kivuli kinacholifunika ni cha mwamvuli wake. Waliwahi kununiana wiki nzima kwa sababu ya nani akae upande wa ukutani. Lakini leo, saa nane na robo mchana, benchi halikuwa na mwenyewe. Wa kulaumiwa ni Kifungu, mzee aliyekuwa tarishi wa mahakama. Sheria hakusoma, ila mafaili yake ameyabeba miaka thelathini, na kwake kubeba ni elimu tosha. Alikuja na muswada mpya mkononi, na fomu moja.

— Kifungu cha kumi na tisa, alisoma, miwani ikining'inia kwenye ncha ya pua. "Mwenye benchi, kibaraza au mahali popote ambapo watu hukaa wakazungumza mambo ya umma, atapeleka kila Ijumaa taarifa ya maandishi: nani alisema nini. Asiyepeleka atafungwa miezi sita."

— Si bado ni muswada tu? alisema Shangazi huku akimimina.

— Muswada ni mimba, Shangazi. Usiposema sasa, utakuja kulea.

— Basi tuupinge, alisema Fundi.

— Ndiyo maana nimeleta fomu. Wanapokea maoni mpaka saa tisa leo, kwenye lile ghorofa la ng'ambo ya barabara. Ila kifungu hiki anaruhusiwa kukipinga mwenye mahali peke yake. Jina, sahihi, namba ya kitambulisho. Atakayejiandika ndiye mwenye benchi.

Akaweka fomu na kalamu katikati ya benchi. Wote wakaitazama ile kalamu kama inayong'ata.

— Fundi, alisema Simu, kwa upole ambao haujawahi kusikika kwake. Si huwa unasema benchi ni lako?

— Mimi nilichonga mbao. Kukaa mmekaa nyinyi.

— Juzi tu ulimfukuza mtu hapo, ukamwambia akakae kwao.

— Nilikuwa na njaa. Halafu wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa miti ipo, kila mtu anaiona. Sasa mimi nimejenga saa ngapi?

Kifungu alirudisha miwani juu ya pua.

— Utetezi huo unasimama, alisema.

— Basi ni la Shangazi, alisema Simu.

— Langu mimi ni birika. Benchi nimelikuta.

— Miaka yote hii unalifuta.

— Nimefuta makamasi ya watoto wote wa kaka yangu, mbona sijawa mama yao? Wewe mwenye mwamvuli je?

— Mwamvuli wangu, kivuli cha jua. Kalishikeni jua.

Simu akasogeza kigoda chake karibu na kushusha sauti.

— Halafu nyie hamjaelewa. Shida yao si benchi. Simu za watu zimejaa, hazibebi tena maneno, sasa wanahamia kwenye mbao. Mbao inatunza sauti. Mbona gitaa ni la mbao?

— Kwa hiyo benchi linarekodi, alisema Fundi.

— Toka siku ya kwanza. Siku likipasuliwa yatatoka yote, mpaka yale ya shemeji yako.

— Mimi nasikia kitakachofuata ni kahawa, alisema Shangazi. Kikombe kimoja, maneno hamsini. Ukizidisha, unanyang'anywa kikombe.

— Na tukinyamaza? aliuliza Fundi.

— Hapo ndipo pabaya kabisa, alisema Kifungu. Itaandikwa: Jumanne walinyamaza. Mtaulizwa, walinyamazia nini? Mali bila daftari hupotea bila habari.

— Hiyo methali ni ya dukani, baba, alisema Simu.

— Kwani nchi si duka?

Wakacheka, na Fundi akacheka nao, lakini macho yake yalibaki kwenye fomu. Alijiona Ijumaa na karatasi: Shangazi kasema hivi, Simu kasema vile. Nani angekunywa naye kahawa tena? Na asipoandika, ni miezi sita ndani, na mama yake mzee, anayekaa naye, kila asubuhi angeuliza mwanangu yuko wapi. Aliogopa, tena aliona aibu kwamba anaogopa. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye kalamu, ukaipita, ukachukua kikombe.

— Mdogo wangu, alisema Shangazi, ambaye alikuwa ameuona ule mkono. Ukiandika, nitakusindikiza mpaka mlangoni.

— Mlangoni tu?

— Ndani kuna ngazi. Magoti yangu unayajua.

Zimebaki dakika tano saa tisa ifike, akatokea mwanamke asiyefahamika na mtu pale, kavaa gauni la uuguzi, anasukuma mkokoteni mtupu.

— Shikamooni. Natoka kliniki mpya ya wajawazito, hapo nyuma ya soko. Viti havijafika, kina mama wanasubiri wamesimama tangu asubuhi. Nimeelekezwa nije kuazima benchi hapa. Hili ni la nani?

Simu akafungua simu ambayo haikuwa mbovu. Shangazi akachungulia ndani ya birika.

— Jamani, nauliza tu. Nimwombe nani?

— Unauliza kisheria? alisema Kifungu.

— Namuulizia mwenyewe.

Saa ya ukutani ndani ya duka la vioo ilifika tisa. Kifungu akakunja fomu mara nne, akaitia mfukoni.

— Kama halina mwenyewe, sina wa kumwomba, alisema muuguzi. Nalichukua.

Fundi alisimama. Neno "langu" ni fupi, na alikuwa amelitamka pale kila siku, wakati mwingine hata kabla ya salamu. Sasa halikutoka. Muuguzi akashika benchi kwa mguu wa mbele, akavuta.

— Usivute huo, alisema Fundi, akawahi kumshika mkono. Una kabari kwa ndani, niliu... una kabari. Ukivutwa unachomoka.

Muuguzi akainama, akaukagua mguu juu na chini. Kwa nje haikuonekana kabari wala ufa. Akainua uso.

— Umejuaje?

Wenzake watatu walikuwa wakimtazama. Fundi akashika upande wake, akanyanyua, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye mkokoteni.