Mikono Iliyonitoa Motoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Ikombe. Naomba mniitikie tena, maana ile ya kwanza nimeisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Bwana asifiwe.

Mimi ni Yeremia, fundi wa Mbugani, mzaliwa wa Busale. Nasema Kiswahili hiki cha boma kwa sababu nikijaribu Kikisi, lugha yenu, kingewachekesha, na leo sikuja kuchekesha. Jana nimefika na mtumbwi kutoka Matema. Mzee wenu wa kanisa aliniuliza kama nina neno, nikamwambia ninalo, tena ni lile lile nililokwisha kulisema mara tatu kanisani kwetu. Kule nililisema vibaya. Nimekuja kulisema sawasawa mbele ya watu linaowahusu.

Kwanza niwaambie kazi yangu, na mkitaka kutabasamu tabasamuni. Natengeneza masanduku ya vipepeo. Mganga wa boma, Mjerumani, ndiye aliyenianzishia. Wazungu hawa, wakimaliza kazi zao, huenda maporini na wavu wakikamata vipepeo. Kisha huwachoma sindano, huwapanga kwenye sanduku na kukaa kuwatazama. Hawawali wala hawawauzi, ni kujifurahisha tu. Mama yangu aliposikia alisema watu hawa bila shaka hawana mashamba. Lakini kazi ilikuja, na ikaja nyingi. Maagizo yalifika kwa meli kutoka pande zote za ziwa, hata kutoka kwa wamisheni.

Sanduku ni la mbao nyepesi. Ndani, chini, tunalaza moyo wa mafunjo makavu ili sindano iingie kwa ulaini. Viungo vyote tunaviziba kwa nta iliyoyeyushwa pamoja na utomvu wa miti, sisimizi wasipenye wakala vipepeo vya watu. Nta huyeyushwa katika chungu cha udongo, na vyungu vyangu vilifinyangwa na mke wa mwanangu Andulile. Yeye ni binti wa hapa Ikombe. Anaitwa Tupokigwe. Mnaona nimemtaja, na sijafa.

Nasema hivyo kwa sababu mnaijua desturi yetu Wanyakyusa. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Haingii alimo, hamwiti, hatamki jina lake, na akimsikia anakuja njiani hujificha migombani mpaka apite. Baba mkwe naye hamtazami wala hamtaji. Ni heshima, na sikuja kuwatukana wazee walioianzisha. Ila mimi niliipenda kupita kiasi. Mchungaji wetu alipotuambia kwamba Mkristo anaweza kusalimiana na mkwewe bila kosa, wazee wenzangu walikubali kidogo kidogo. Mimi nilisimama mbele ya kanisa nikasema kwangu hilo halitakuwepo. Nilikuwa nimebatizwa, nilikuwa mzee wa kanisa, lakini heshima yangu sikuibatiza.

Siku moja Tupokigwe alikuwa akitoka kijitoni na udongo kichwani. Mzigo ulikuwa mzito, akachelewa kujificha. Tukaonana uso kwa uso, na kwa kubabaika akanisalimu. Ndugu zangu, nilifanya makubwa kwa salamu ile. Nilikataa chakula kilichopikwa nyumbani kwa mwanangu. Nikamwambia mke wangu msichana yule arudishwe kwao akafundishwe upya. Alirudishwa hapa kwenu akakaa mwezi mzima, mama yake yuko pale na anakumbuka. Aliporudi Mbugani alikuwa ameishika desturi kuliko mwanamke yeyote wa kwetu. Watu walinisifu kwa jinsi nilivyoitengeneza nyumba yangu, nami nikapokea sifa hizo.

Sasa nieleze moto. Ilikuwa masika. Mafundi wangu walikuwa wamekwenda kutafuta mianzi ya mipini ya nyavu za vipepeo, wanawake walikuwa kwenye mpunga, na Andulile alikuwa amepeleka masanduku boma. Mimi nilibaki peke yangu bandani. Nta siku zote tuliiyeyusha nje, na fundi aliyethubutu kuingiza moto ndani nilimfukuza. Lakini mvua haikukatika, agizo lilikuwa la haraka, na mimi ndiye mwenye banda, nani angenifukuza? Nikaweka mafiga ndani, nikawasha moto, nikatenga chungu. Nikala ndizi zangu nikashiba, nikajinyoosha kwenye mkeka nyuma ya marundo ya mafunjo. Nikasema nafumba macho kidogo tu.

Yanayofuata sikuyaona yote. Niliyasikia baadaye sana kwa Andulile, nilipothubutu kumwuliza, na yeye aliyasikia kwa mkewe. Tupokigwe alikuwa migombani anakata majani ya kufunikia vyungu vyake. Akaona moshi unatoka kwenye nyasi za paa, moshi mzito wa njano. Nta ilikuwa imefurika ikamwagika kwenye maranda ya mbao, na maranda yalikuwa yanaungua polepole kuelekea kwenye mafunjo. Akanisikia nakoroma. Alijua ni mimi, na alijua niko peke yangu.

Mtu mwingine angepiga kelele akaniita. Yeye angeniitaje? Jina langu haruhusiwi kulitamka, na kuingia nilipo haruhusiwi. Alikimbia hadi nyumba ya jirani, hakuna mtu. Akarudi. Akaokota madongoa ya udongo akaanza kuyarusha ukutani, moja baada ya jingine, kwa nguvu zote, ili niamke.

Ndugu zangu, niliamka. Hili ndilo sikuwahi kulisema kanisani kwetu. Nilisikia madongoa yale. Nikadhani ni tumbili wa migombani, nikafoka nikiwa nimefumba macho: "Nani huyo anayenisumbua?" Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na hakunijibu. Angenijibuje, wakati salamu moja tu ilikuwa imemrudisha kwao mwezi mzima? Nikageukia upande wa pili nikalala tena. Nadhani moshi ulikuwa umekwisha kunilevya.

Ndipo akaingia. Lakini sikilizeni alivyoingia. Alivua kaniki yake ya mabegani akajifunika nayo kichwa na uso wote, asije akanitazama. Aliingia kwenye banda linalowaka akiwa amejifunga macho kwa ajili ya heshima yangu. Akawa anapapasa. Alipapasa meza, alipapasa marundo, akapapasa chini kunitafuta, na chini ndiko nta ilikokuwa inatiririka ikiwa inachemka pamoja na utomvu. Mkono wa kwanza uliingia humo, kisha wa pili. Nta ile haipanguswi, inashika. Naye hakurudi nyuma. Alipapasa mpaka akapata mguu wangu, akanishika kwa mikono ile ile akaniburuta mpaka nje kwenye matope na mvua. Paa lilianguka nyuma yetu.

Sasa nitawaambia neno langu la kwanza baada ya kuokolewa. Nimeliomba toba kwa Mungu mara nyingi, na bado linanisumbua nikiwa nakula au natembea. Nilifungua macho nikaona mke wa mwanangu amenishika mguu. Nikasema, "Nani amekuruhusu kunigusa?" Alikuwa bado amefunika uso. Aliniachia, akainuka, akakimbilia migombani na mikono yake akiwa ameinyoosha mbele. Mimi nilikaa pale kwenye matope nikiyalilia masanduku yangu.

Banda lote liliungua. Randa, misumeno, mbao za msimu mzima, vyote vikawa majivu. Siku zile nilijua kweli kwamba mtu si kitu. Lakini Mungu alinionea huruma. Watu wa Busale walikuja na miti na nyasi bila kuitwa. Mafundi walifanya kazi wakila chakula tu. Yule mganga wa boma akanitafutia vifaa vipya kwa meli. Kabla ya mavuno ya mpunga banda lilikuwa limesimama, kubwa kuliko la kwanza, nami nikarudia kazi. Watu wakasema Yeremia ana Mungu. Nikasimama kanisani kushuhudia. Nikasema nililala motoni, na mkono wa Bwana ukashuka ukanishika mguu ukanitoa. Wanawake walilia. Nikaombwa niurudie ushuhuda ule, nikaurudia, na tena mara ya tatu wageni walipokuja. Mara zote tatu nilisema mkono wa Bwana. Kumtaja mkwe mbele za watu niliona ni aibu, na kusema kwamba alinigusa niliona ni aibu zaidi.

Na Tupokigwe? Aliletwa hapa kwa mama yake ili auguzwe. Sikwenda kumwona kabla hajaondoka. Nilijiambia kwamba desturi hainiruhusu. Nikiuliza habari zake kwa Andulile, alikuwa akinijibu, "Anaendelea, baba." Mwanangu ni mpole, na aliniogopa. Amekuwa akipiga kasia kuja huku na kurudi, nusu mwezi kwa mke na nusu mwezi kwa baba. Mimi nilimnung'unikia kwamba anachelewesha kazi.

Kilichonivunja ni chungu. Banda jipya lilihitaji vyungu vya nta, na mimi nikatuma Ikombe viletwe kama zamani. Mwenye mtumbwi akaleta vitatu. Nilivigeuzageuza nikaona si vile nilivyovizoea, ukingo ni mnene, umbo ni jingine. Nikamlalamikia. Nikamwambia yule mke wa Andulile siku hizi anafanya kazi ovyo. Mwenye mtumbwi akakitwaa chungu mkononi mwangu. Akasema, "Mzee, hivi ni vya mama yake. Yeye hafinyangi tena. Vidole vimeshikana, havikunjuki. Hata kula, analishwa kwa kijiko. Kwani hukuwa unajua?"

Sikuwa najua. Ndugu zangu, mtu aliniburuta kutoka mautini kwa mikono yake, na mimi sikuwahi kuiona mikono hiyo, kwa sababu sikupaswa kumtazama. Mfinyanzi wa Ikombe, binti ambaye mama yake alimfundisha tangu akiwa mdogo, hana vidole vya kushika udongo. Nami nilikuwa nalalamika ukingo ni mnene. Mwenye mtumbwi alipoondoka nilichukua randa nikajaribu kuisukuma juu ya ubao kwa ngumi, vidole nimevifumba. Sikuweza hata mara moja. Nililia bandani mwangu mpaka mafundi wakatoka nje. Kuanzia siku ile ndipo naweza kusema nimeokoka. Ule moto ulinitoa bandani tu.

Nilimweleza mchungaji wetu kila kitu. Hakunifariji haraka, nami namshukuru kwa hilo. Aliniambia ushuhuda wa uongo hurekebishwa mahali unapouma. Ndiyo maana mnaniona hapa.

Basi nausahihisha ushuhuda wangu. Sikuokolewa na mkono ulioshuka kutoka juu. Niliokolewa na mikono ya Tupokigwe, binti wa Ikombe, mke wa mwanangu, na Mungu ndiye aliyempa moyo wa kuingia pale. Kosa la moto lilikuwa langu. Ukimya wake ulikuwa kosa langu pia, maana mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Yeye alinipa heshima hata ndani ya moto, na mimi nilimpa maneno ya dharau akiwa na nta inayomla mikononi. Mama yake, wewe uliyemlisha kwa kijiko siku zote hizi, nakuomba unisamehe. Sitasema ni bahati mbaya, maana haikuwa bahati.

Ndugu zangu, nawasihi. Kama kuna mtu alikutoa shimoni na hujamtaja, mtaje, hata ukiona aibu. Mwamini Mungu kwamba heshima utakayopoteza kwa kusema kweli si ile anayokutunzia yeye. Mimi nilichelewa. Ninyi msichelewe kama mimi. Aliyenivumilia na uongo wangu mara tatu mbele ya madhabahu atakuvumilia na wewe, ila usimngojeshe, kwa kuwa kuna mtu mwingine anaumia wakati wewe unangoja.

Sikuja kumchukua. Andulile nimemwambia akae huku kadiri atakavyo, kazi ya banda tutaifanya tuliobaki. Kama Tupokigwe atataka kurudi Mbugani, atarudi kwenye nyumba ambayo baba mkwe wake anamsalimu asubuhi na kuitikiwa, na mtu asiyependa hilo nitamjibu mimi. Kama hataki, ana haki.

Namwona pale nyuma, upande wa wanawake, amejifunika kichwa. Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Hilo nilipaswa kulisema siku ile kwenye matope.

Nimemaliza, ndugu zangu, mniombee. Sasa sirudi kwenye kiti cha wageni. Nakwenda kukaa chini pale mbele yake, na uso wangu nimeuelekeza kwake. Akitaka kutoka, atoke, mtu yeyote asimzuie. Na kama atapenda kunionyesha mikono yake, nitaitazama.