Hinrich Tamcke na Mwisho wa Fantasia Yake

Ndugu waombolezaji, marehemu Hinrich Tamcke alizaliwa hapa Stade tarehe 9 Machi 1688, mtoto wa tatu wa mwoka mikate Carsten Tamcke na mkewe Beke. Baba alitaka mrithi wa tanuri. Alipata mtoto aliyekanda unga kwa ncha za vidole, utadhani anapiga kinanda, na mikate ikatoka imepinda.

Alisoma shule ya Kilatini ya mjini hadi mwaka 1703, kisha akaenda Hamburg kujifunza muziki kwa miaka sita. Huko ndiko alikoanza kutunga fantasia yake ya kinanda cha nyuzi, muziki wa mpigaji mmoja unaokwenda vidole vinakotaka: mara unakimbia, mara unasimama kufikiri. Alirudi nayo nyumbani mwaka 1709 ikiwa imekamilika, isipokuwa mwisho.

Mwaka 1712 aliajiriwa kupiga kinanda cha kanisa hili, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja. Jumapili alikuwa wa mchungaji. Siku nyingine zote alikuwa wa fantasia.

Tarehe 14 Mei 1715 alimwoa Anna Metta, binti wa msokota kamba. Siku ya harusi aliombwa apige kidogo wageni wakisubiri chakula. Akazama.

"Mume wangu, malizia basi, supu ya mikunga inapoa!" bibi harusi alimwita.

"Mwisho wenyewe sijaupata, mke wangu."

"Utautafuta ukishashiba!"

Alishiba, akautafuta, asiupate. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wawili walitangulia wakiwa wachanga, na Anna Metta mwenyewe akawafuata mwaka 1738.

Novemba 1743 kiharusi kilimlaza, mkono wa kulia ukafa. Tuseme ukweli, hakuwa mgonjwa mwepesi. Binti yake Gesche alimwosha, alimlisha, alimgeuza, na kila alasiri alikaa kwenye kinanda kumpigia fantasia ile, maana marehemu alikuwa na hofu moja tu: kufa akiiacha haina mwisho. Gesche alijaribu miisho ya kila namna, ya mbwembwe na ya unyenyekevu. Baba alitikisa kichwa.

"Bado, mwanangu."

Miaka mitatu ya bado. Sisi jamaa tulipita, tukamsifu Gesche, tukaenda zetu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Alasiri ya tarehe 3 Februari 1747 Gesche alifika pale pale pa siku zote, fantasia inapokatika, vidole vikagoma. Alipiga sauti moja ya chini, akaiweka mikono mapajani. Sauti ya kinanda hicho haikawii kufa.

"Baba, nimechoka. Siwezi tena."

"Hapo," alisema marehemu. "Hapo hapo, mwanangu. Usiongeze kitu. Andika."

Gesche aliandika huku akilia kwa hasira. Baba alilala usingizi mzito, na alfajiri ya kesho yake hakuamka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mwana mmoja, Lüder, aliye baharini na hajapata habari; binti yake Gesche; wajukuu watatu; dada yake Wibke, mama yangu mimi ninayewasomea; na fantasia moja, kamili.

Mjomba Hinrich, pumzika kwa amani, kazi imekwisha. Na wewe, Gesche, nenda ukalale.