Siku Kila Jina Lilipoitikiwa

Ndugu zangu katika Bwana, na nyinyi mama zetu, niruhusuni nisimame mbele yenu na uso huu. Watoto mliokaa mbele, msiogope. Ni moto tu ulinipitia, na ulikwisha zimika.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba hapa Uvira, penye mashini za kutenga pamba na mbegu. Pembeni yangu alikuwa rafiki yangu, muntu wa Mutarule. Kila mchana tulikula bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye sahani moja.

Siku moja ya kiangazi cheche ikaruka kutoka ndani ya mashini. Nawaambia, pamba haikupi nafasi ya kufikiri. Sote tulikimbilia mlango mmoja, na mlango wenyewe ulikuwa umezibwa na marobota ya pamba yaliyongojea lori. Tukasukumana, tukakanyagana. Minye nilivutwa nje nguo zikiwaka. Kila mmoja alidhani rafiki yangu amekwisha toka. Hakuna aliyeuliza. Moto ulipozimika ndipo walipomkuta.

Nililala hospitalini muda mrefu. Mke wa marehemu, na kilio chake chote, aliniletea uji. Nilishindwa kumtazama.

Niliporudi nyumbani, hata moto wa kuni niliukimbia. Mke wangu akawa anapikia kwa jirani. Kapita wetu, msimamizi wa kazi, akaja, akasema, "Tunataka kufundisha watu namna ya kutoka moto ukiwaka. Weye uliona. Kuja utusaidie."

"Mule minye sirudi tena," nikamjibu.

Kisha akaja yule mjane. Kiti alikikataa, akabaki amesimama.

"Shemeji, siku ile hakuna muntu aliyeita jina la bwana yangu. Angeitwa, labda angetafutwa. Enda ufundishe watu kuitana."

Ndugu zangu, kesho yake asubuhi nikaenda kwa kapita.

Nikarudi kiwandani. Mlango wa pili ulikuwa umetobolewa ukutani, marobota yamesogezwa mbali. Siku za mazoezi kapita alikuwa akigonga kengele, tunaacha mashini, tunatoka bila kukimbia, tunasimama barabarani, nami naita majina. Watu walicheka! Wakaniita mwalimu wa kutoka mlangoni.

Halafu mukanda wa mashini ukashika moto kweli. Kengele ikalia, na miguu yangu ikagoma. Mama mmoja wa Runingu, mchaguzi wa pamba, akanishika mkono.

"Papa, tembea. Weye ndiye uko na majina yetu."

Nikatembea. Barabarani nikaanza kuita. "Niko!" "Niko!" Kisha jina moja likapita kimya. Nikaita tena. Kimya. Kapita na mwenzake wakajifunika magunia yaliyoloa, wakaingia kwenye stoo ya mbegu alikofanya kazi mwenye jina hilo, wakamtoa akikohoa. Nikaliita jina lake mara nyingine.

"Niko," akasema.

Nikakaa chini palepale, nikalia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi aliyenifunga vidonda, mke wangu, kapita wetu, na mama yule wa Runingu. Mjane niliyemsema yuko hapa kati yetu. Simtaji, mwenyewe anajua. Shemeji, asante.

Na nyinyi mnaofanya kazi penye mashini, kesho mkifika tazameni mlango. Ukiwa umezibwa, semeni siku ileile, hata kama mukubwa atakasirika. Na hatari ikiwatoa nje, asiende mtu nyumbani mpaka msikie sauti ya kila mmoja wenu.