Siku Sista Klementa Alipongoja

Mhashamu Baba Askofu; Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Kesslin; Mama Priora; mapadre; masista wa monasteri hii na wa nyumba za jirani; ndugu na jamaa mliosafiri kutoka Iowa na Dakota; wageni waalikwa; na wewe, Sista Adelgunda, uliyetimiza leo miaka sabini ya nadhiri, ambaye ningekutaja wa kwanza kama itifaki ingeniruhusu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Wengine mnajiuliza, huyu mzee Mluteri ametokea wapi? Naitwa Arvid Tollefsrud. Nilikuwa daktari wa mifugo katika wilaya hii mpaka magoti yangu yalipogoma. Sista Adelgunda alisimamia zizi la monasteri tangu akiwa msichana mwenye mashavu mekundu mpaka ng'ombe wa mwisho walipouzwa. Kwa hiyo namfahamu kwa namna ambayo Baba Askofu, kwa heshima zote, hawezi kumfahamu: nimemwona akizalisha ng'ombe wakati wa theluji, mkono umezama ndani hadi begani, naye anaimba zaburi ili mnyama atulie.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya pongezi. Yako mfukoni, na yatabaki humo, maana baada ya yale yaliyotokea asubuhi hii hayana kazi tena. Nanyi mliosikilizia misa humu ukumbini kwa sababu kanisa lilijaa, najua mlivyofikiri. Mheshimiwa Meya ameniambia mwenyewe, "Daktari, tulidhani spika zimekufa. Nikamtuma mtu akatikise nyaya." Hapana, Mheshimiwa. Spika zilikuwa nzima. Mlikuwa mnasikia kimya. Niruhusuni niwaeleze kimya kile kilikuwa cha nini, na kwa kuwa napenda kueleza, mtaniwia radhi nikianzia mbali kidogo.

Masista hawa husali zaburi kila siku wakiwa pande mbili zinazotazamana. Upande mmoja husema nusu ya mstari. Kisha wote hunyamaza kwa muda wa pumzi moja. Kisha upande wa pili humalizia. Hapana mwenye kuongoza. Aliye mbele yako hukupa nusu yake, nawe humrudishia yako. Na tangu walipokuwa wanovisi, bado wakijifunza utawa, aliyekaa mbele ya Sista Adelgunda ni Sista Klementa, mwokaji wa mikate wa nyumba hii.

Mnamjua Sista Klementa. Hutembea kama mtu aliyeacha kitu jikoni, na kwa kweli huwa ameacha. Hajawahi kuwawekea wageni mkate wa jana. Sikukuu ikifika, mkate hutoka kwenye oveni ukaja mezani ungali unafuka. Hata zaburi alizisali kwa kasi hiyohiyo. Siku moja nilikuwa nanawa mikono mlangoni mwa zizi, nikawasikia.

"We Klementa, unanikanyaga visigino," alisema Sista Adelgunda. "Sijamaliza nusu yangu, wewe umeshaanza mstari mwingine. Kwani Mungu ana treni ya kuwahi?"

"Mungu hana, dada, ila mimi nina mikate motoni. Ng'ombe wako hawaungui."

"Siku utakayongoja pumzi moja tu, nitajua mwisho wa dunia umefika."

"Na siku utakayoharakisha, nitajua umepigwa teke!"

Wakageuka kila mmoja njia yake, wakicheka. Ugomvi huo uliendelea hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, na nadhani wote wawili waliupenda.

Kisha, kama wengi mnavyojua, kumbukumbu za Sista Adelgunda zilianza kumtoka. Kwanza yaliondoka majina ya watu. Halafu yakaondoka majina ya ng'ombe, na hapo ndipo mimi nilipoogopa.

Sasa, desturi ya nyumba hii ni kwamba sista wa jubilei husimama peke yake mbele ya altare, bila kitabu, akarudia kwa kinywa chake maneno aliyoyasema siku ile ya kwanza. Ni mistari miwili tu. Akimaliza, huvikwa taji la masuke ya ngano. Sista Adelgunda aliiona siku hii ikija, na akili yake ilipokuwa bado na siku njema alimwita Mama Priora. Nilikuwapo, nilikuwa nimemletea jibini.

"Mama Priora, msije mkanisemea," alisema. "Nikishindwa, niacheni nikakae. Nadhiri iliyosemwa na mdomo wa mwingine ni ya huyo mwingine."

Mama Priora akaahidi. Wiki hii kuna waliomshauri vingine: tumnong'oneze tu, Mama, nani atasikia? Mama Priora akawajibu, "Yeye atasikia."

Basi leo asubuhi Sista Adelgunda alisimama. Akashika ukingo wa kiti cha mbele. Akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Akamtazama Baba Askofu, akayatazama maua, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kazi ya siku, "Nimekuja kukamua?"

Hakuna aliyecheka. Mama Priora alikuwa amelishika lile taji kwa mikono miwili. Angefanya nini? Alikuwa ameahidi.

Hapo Sista Klementa akainuka. Hakwenda kusimama kando ya mwenzake, wala hakumshika mkono. Alizunguka na mkongojo wake mpaka upande wa pili, akasimama mbele yake, uso kwa uso, umbali uleule wa viti vyao vya sala. Kwa sauti yake ya kila asubuhi akasema:

"Bwana, nimekuja mikono mitupu."

Akanyamaza. Akangoja.

Ndugu zangu, hicho ndicho kimya mlichokisikia. Pumzi moja ikapita. Ikapita nyingine. Nikahesabu mpaka nikaacha kuhesabu. Mwanamke ambaye hajawahi kungoja mkate upoe alisimama pale bila kutikisa kichwa, bila kuchezesha midomo, hata jicho lake halikumsaidia mwenzake. Alichompa ni nafasi tu.

Na sauti ikatoka, nzito, ya polepole, sauti ileile niliyoisikia zizini:

"Nipokee nilivyo."

Sista Klementa akaacha sauti ile iishe kabisa. Ndipo akasema, "Nyumba hii ndiyo nyumba yangu." Akangoja tena.

"Sitaiacha mpaka uniite."

Nimeona ndama wengi wakizaliwa, na kila mara, hata katika uzee wangu, nimebaki mdomo wazi mbele ya kitu kilichokuwa hakipo na sasa kinapumua. Leo nimeona hivyo tena, ndani ya kanisa, mimi Mluteri, na magoti haya yaliyogoma yakapinda yenyewe.

Je, kuna aliyemsemea? Nilijiuliza hilo, na najua wengine mmejiuliza. Lakini nusu yake ameisema mwenyewe. Katika sala, nusu nyingine haijawahi kuwa yake. Kwa miaka yote hii alikuwa akiipokea kutoka ng'ambo. Mama Priora hakusita. Taji lile hilo hapo kichwani mwake, limekaa upande kidogo, naye hataki mtu alinyooshe.

Kuna jambo moja ambalo spika hazikulibeba. Nilikuwa karibu, nikalisikia. Baada ya kuvikwa taji, Sista Adelgunda alimkazia macho mwenzake, akasema, "Leo hukunikanyaga."

Sista Klementa akamjibu, "Mikate nimeoka jana, dada."

Baba Askofu, nakushukuru kwa ibada. Mama Priora, nakushukuru kwa kushika ahadi pale ilipokuwa vigumu kuishika. Masista wote, tunawashukuru kwa maisha yenu kati yetu. Nanyi wageni, nimewaona mkiubonyeza mkate ulio mezani na kutazamana. Ndiyo, umekauka kidogo. Ni wa jana. Nawaombeni muule taratibu, msibakize hata kipande, maana hautaokwa mwingine kama huo tena katika nyumba hii.

Asanteni kwa kunisikiliza, na zaidi, asanteni kwa kungoja.