Duka Lililowekwa Nyuma ya Ukuta

Sogezeni viti, wanangu, mkae hapa karibu na kichwa changu, kwa maana sauti niliyobaki nayo ni hii mnayoisikia na sitapata nyingine. Binti yangu, acha kunipepea. Nawe mwanangu, zima simu. Nitasema mara moja, na msinikatize hata mkisikia jambo la kuwainamisha vichwa, maana aibu yenyewe ni yangu kabla haijawa yenu.

Mnajua kwamba mimi na Mama Mdogo hatukuzaliwa tumbo moja. Tulijifunza cherehani kwa fundi mmoja tukiwa wasichana, tukigombania mkasi mmoja, na yeye ndiye aliyejaliwa mkono wa kazi. Mimi nilipima mara tatu ndipo nikate. Yeye alimtazama mtu anavyoingia mlangoni, akakata, na gauni likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Tulipofungua kila mmoja duka lake, yeye mwanzo wa mtaa na mimi mwisho, maharusi wote waliishia kwake, nami nikabaki na sare za shule na kubadilisha zipu. Nilicheka naye, nikala naye, na moyoni naungua.

Ndipo chama chetu cha wafanyabiashara wadogo kikaletewa watu wa kutufundisha kuuza kwa mtandao. Walitaka mtu mmoja wa kufunzwa siku tatu, kisha awasaidie wenzake mtaa mzima, na Mama Mdogo ndiye aliyesimama akanipendekeza mimi. Nilizunguka duka kwa duka. Nilimpiga picha msusi na vichwa alivyovisuka, fundi wa kuchomelea na mageti yake, na yule mzee wa redio aliyeishika simu kama anashika pasi ya moto. Nikawaonyesha namna ya kujibu wateja, nikaliweka kila duka mahali pake kwenye ramani ya simu. Sijisifu. Nataka mjue kwamba kazi ile niliijua.

Kwenye duka la Mama Mdogo kidole kiliteleza. Hilo naapa. Alama yake ikaangukia mtaa wa nyuma, kwenye ukuta wa ghala lisilo na hata dirisha. Lakini niliiona siku ileile nilipokuwa nakagua, na kuirekebisha kulitaka dakika moja, nami nikaiweka simu mezani nikaenda kupika.

Wateja wageni wakawa wanaifuata simu mpaka ukutani, hawaoni mtu, na simu hiyohiyo inawaonyesha fundi mwingine wa jirani, ambaye ni mimi. Harusi zikaanza kuingia kwangu. Siku moja Mama Mdogo alikuja, akaniambia, "Dada, hebu niangalizie tena. Kuna mtu amenitafuta kwa simu akanikosa." Nikaishika simu yake, nikaibonyezabonyeza mbele ya macho yake, nikamjibu, "Iko sawa, mdogo wangu. Labda watu wameichoka mishono yako."

Niliyasema kwa kinywa hiki mnachokilisha uji. Naye akaamini. Akaanza kuitilia shaka mikono yake. Nilimkuta akifumua kazi nzuri, akaishona upya, akaifumua tena.

Mwaka wa pili akafunga. Akaniomba mimi niandike kwenye simu kwamba duka limefungwa kabisa, ili watu wasihangaike kuja bure. Nilibonyeza akiwa amekaa ubavuni kwangu, na akanishukuru. Kisha akaja kunishonea dukani kwangu, kama kibarua. Cherehani ile nyeusi iliyoko dukani ni yake, aliniuzia mwenyewe. Magauni yote yaliyomo kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, yanayosifiwa na watu tusiowajua, ni mkono wake, na jina lililo chini ni langu, miaka kumi na moja. Mwanangu, siku ile ulipomkaripia kwa kuchelewa, nilikuwepo. Nilinyamaza.

Sasa shikeni wosia wangu. Nyumba hii ni yenu wawili, msiigombanie. Duka si letu. Chumba cha mbele chenye kioo, cherehani, na ukurasa pamoja na picha zake zote, mkabidhini Mama Mdogo. Neno la siri nimeliandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Wewe mwanangu ndiye utakayekaa naye umfundishe polepole, mpaka aweze kila kitu bila wewe, na siku ya kuliweka duka lake kwenye ramani simama naye mlangoni, aweke alama kwa kidole chake mwenyewe. Naona unavyomtazama dada yako. Ndiyo, nawaacha na kidogo. Kile kingine hakikuwa changu.

Msimwombe anisamehe. Msimwambie mama alighafilika. Akikataa kuja kunizika, asinung'unike mtu. Leo asubuhi alipokuwa ananiogesha aliniuliza kama maji ni ya moto mno, nikafungua kinywa nimwambie haya yote, nikamwambia tu kwamba maji ni mazuri.

Nipeni tone la maji... Basi, yatosha.

Mungu awalinde, wanangu. Awape kazi ya mikono yenu wenyewe, awaondolee kijicho kilichonila mimi, na mkikosea... awape ujasiri wa kusema siku hiyohiyo.

Mwiteni sasa. Yuko uani anaanika shuka zangu. Msimwambie neno njiani. Niinueni, wekeni mto mwingine mgongoni, sitaki kumwambia nikiwa nimelala. Na sauti ikinikatikia, binti yangu, usinipambie maneno. Mwambie tu... ile alama... niliiona. Niliiona siku ileile.